Mwongozo kamili: jinsi ya kutengeneza shoo ya dansi ya kisasa kutoka kwenye historia na viwanda vya mji, bila kuigiza nyundo

Nimetumiwa video nyingi mno za watu wanaojaribu kitu hiki, na karibu zote zinakwama palepale. Madansa sita wamevaa ovaroli za bluu, wameshika nyundo ambazo hazipo, nyuma kuna skrini ya picha za zamani na sauti ya mtu inasoma mwaka kiwanda kilipofunguliwa na mwaka kilipofungwa. Dakika ya kumi watu wanachungulia simu.

Nisijifanye mjuzi, shoo yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, tena mimi nilikuwa na spana za kweli kabisa, na baada ya shoo mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo maisha yake yote akanishika bega akaniambia kwa upole, "Mwanangu, spana hatukuwahi kuishika hivyo." Nililala na hiyo sentensi wiki nzima.

Tatizo sio kipaji. Tatizo ni kwamba mnaanzia kwenye historia, na mwili haujui historia, mwili unajua uzito, kasi, joto, kuchoka na kusubiri. Ukianzia huko mji wenyewe utaingia bila kuitwa. Hatua ziko tisa, zifuate kwa mpangilio, na ukiruka ya pili usije kulia kwenye ya tano.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Madansa 5 mpaka 8. Wakipungua hapo, laini ya kazi (mstari wa watu wanaopokezana kazi) haionekani kama laini, wakizidi hapo na wewe ni mgeni wa hii kitu, watakushinda.
- Wiki 10, mazoezi mara 3 kwa wiki.
- Watu wasiopungua 3 waliofanya hiyo kazi kwa mikono yao. Meneja hahesabiki, meneja atakupa historia.
- Hela ya kuwalipa hao watu muda wao. Iweke pembeni mapema kabla haijaliwa na mavazi.
- Simu ya kurekodi sauti na video, na programu ya metronomu, ile inayogonga mdundo kwa kasi unayoichagua, ya bure inatosha.
- Daftari moja, sio karatasi zilizotawanyika.
- Gundi ya karatasi (masking tape), ile ya rola wanayotumia wapaka rangi.
- Kinga za magoti kwa kila dansa.
- Vifaa viwili vitatu halisi vya kazi hiyo, visivyo na makali wala mafuta.
- Chumba chenye sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa kidogo, inayobonyea ukiruka.
- Mtu mmoja wa nje asiyejua chochote kuhusu shoo. Msimwambie kitu, mna kazi naye hatua ya 5.

Kuhusu sakafu sibembelezi mtu. Saruji hairudishi chochote, kila mruko unaishia kwenye magoti na miundi ya dansa, na wiki ya tatu utaanza kusikia "nina maumivu kidogo hapa mbele ya mguu". Kama saruji ndo uliyonayo, basi toa miruko yote mpaka upate pengine.

## Hatua ya 1: Chagua kazi moja, uache mji

Mji ni mkubwa kuliko shoo ya dakika 40. Johannesburg umezaliwa na dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886, sawa, lakini "dhahabu" haichezeki. Ndani ya mgodi kuna anayechoronga mwamba, kuna anayesukuma toroli, kuna anayepanga magogo ya kuzuia dari isianguke, kuna anayehesabu watu wakishuka na kuwahesabu tena wakipanda. Huyo wa mwisho mwenyewe anakutosha shoo nzima, niamini.

Kwa hiyo chagua kazi moja, na ndani yake vitendo visivyozidi vitatu. Halafu jaza sentensi hii: "Shoo hii inahusu watu wanao___ siku nzima, mpaka siku ___." Mfano: "watu wanaounga nyuzi zinazokatika siku nzima, mpaka siku mashine inapojua kuunga yenyewe."

Onyo: usichague kiwanda kwa sababu jengo lake linatoka vizuri kwenye picha. Watu wengi wanaingia hapo, wanakuja na shoo ya matofali na kutu, mtu hayumo.

Utajua imekaa sawa ukiweza kuitaja shoo yako kwa pumzi moja bila kutaja mwaka wowote.

## Hatua ya 2: Uhoji mwili, kumbukumbu iache

Hapa ndo wengi wanafeli na wala hawajui kama wamefeli. Unamkalisha mama wa watu kwenye kiti, unamuuliza "tuambie maisha ya kiwandani yalikuwaje", naye anakujibu vizuri, yalikuwa magumu lakini tulipendana, unaandika, unatoka na kurasa sita ambazo huwezi kuzichezesha hata kwa dakika moja.

Uliza haya badala yake:

- Ulikuwa unasimama au unakaa? Uzito ulikuwa mguu upi?
- Mkono upi ulikuwa unauma ukifika nyumbani?
- Mkiwa na kelele vile mlikuwa mnaongeaje?
- Kazi ikienda vizuri ulijuaje, kwa macho, kwa sauti au kwa vidole?
- Kosa gani lilikuwa linamwumiza mtu?
- Dakika ya mwisho kabla ya king'ora cha kutoka mlikuwa mnafanya nini?

Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyefanya kazi kwenye mashine za kusokota uzi. Akaniambia ameshasahau, miaka mingi imepita. Sawa, tukahamia kwenye mambo ya wajukuu. Anaongea kuhusu wajukuu huku kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vinasugua kitu ambacho hakipo, vinazunguka mara moja, vinavuta, vinaachia. Kama nusu sekunde hivi. Halafu tena, halafu tena. Nikamuuliza, mama, hiyo mikono inafanya nini? Akaitazama kama mikono ya mtu mwingine, akacheka, akasema, "Kumbe bado inaunga."

Hiyo nusu sekunde ikawa shoo nzima. Kama ningekuwa nimeinamia daftari ningeikosa.

Kwa hiyo weka simu kwenye stendi irekodi video kuanzia kiunoni kwenda juu mikono ionekane (omba ruhusa kwanza na umweleze itatumikaje), na wewe mwenyewe usiandike, angalia. Na ukibeba kile kifaa halisi mpe ashike, usimwombe akuonyeshe, mpe tu aendelee kuongea nacho mkononi.

Lile swali la kelele usilisahau hata kidogo. Kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, mashine zilikuwa na kelele mpaka wafanyakazi wakawa wanaongea kwa midomo tu, wanaitanua kupita kiasi na kusaidia kwa uso na mikono, na mwenzako wa upande wa pili anakusoma bila kusikia neno. Hiyo ni koreografia tayari imeshatungwa na watu wasiojiita madansa! Na viatu vyao vya soli ya mbao, walivyovaa kwa ajili ya sakafu yenye unyevu, vilizaa dansi ya kugonga sakafu kwa kufuata mdundo wa mashine za kufuma. Dansi ya gambuti nayo imetoka migodini Afrika Kusini, kwa wachimbaji waliopewa viatu vya raba kwa sababu chini kulikuwa na maji. Huko kwenu nako kuna dansi kama hiyo, inabidi uulize tu.

Onyo: mtu akianza kusimulia ajali au mwenzake aliyefia kazini, zima simu, sikiliza. Hiyo sio malighafi yako mpaka yeye mwenyewe aseme uitumie.

Utajua imekaa sawa ukiwa na vipande vya video visivyopungua 10 ambavyo ukivizima sauti bado vina kitu.

## Hatua ya 3: Pima mdundo wa kazi

Kaa na zile video, au nenda panapofanyika kazi inayofanana, uhesabu. Kitendo kimoja tangu mwanzo mpaka kinaporudi mwanzo ni mzunguko mmoja. Hesabu mizunguko kwa dakika moja, rudia mara tatu, andika. Kisha weka hiyo namba kwenye metronomu.

Kwa nini? Kwa sababu madansa wote duniani wakiachiwa wenyewe watakwenda kwa kasi ya muziki wanaoupenda, na kazi haina kasi hiyo. Mizunguko 22 kwa dakika, kwa mfano, inaudhi, iko polepole kuliko mwili unavyotaka lakini sio polepole ya kupumzikia, na hilo udhi ndo ladha yenyewe ya shifti ya masaa nane.

Angalia pia nani anaamua kasi. Mwaka 1913 Ford alipoweka laini inayotembea kwenye kiwanda chake cha magari cha Highland Park, Marekani, ndani ya miezi michache muda wa kuunganisha chasisi moja (fremu ya chini ya gari) ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 mpaka kama saa 1 na dakika 33. Kwa mhasibu hiyo ni namba. Kwa dansa maana yake ni kwamba zamani mtu alikuwa anaifuata gari, sasa gari ndo inamfuata mtu na haimsubiri. Ni miili miwili tofauti kabisa, mmoja unasafiri, mwingine umepigwa msumari palepale. Amua shoo yako ina mwili upi, au ni lini mmoja unageuka kuwa mwingine.

Utajua imekaa sawa dansa akiweza kufanya kitendo kimoja dakika 5 mfululizo na metronomu imezimwa, ukiiwasha bado yuko nayo.

## Hatua ya 4: Tengeneza kamusi ya miendo

Sasa kila kitendo kipe ukurasa mmoja kwenye daftari. Juu andika jina wanalotumia wafanyakazi wenyewe, sio lako. Chini jibu maswali matatu: kina nguvu au ni chepesi, ni cha ghafla au cha kuvutwa, kinakwenda moja kwa moja au kinazungukazunguka.

Hii sijaitunga mimi. Rudolf Laban, baba mmojawapo wa dansi ya kisasa Ulaya, aliingia viwandani Uingereza wakati wa vita vya pili, akishirikiana na F. C. Lawrence aliyekuwa mshauri wa mambo ya viwanda, wakaangalia wafanyakazi wanavyotumia nguvu, na mwaka 1947 wakachapisha matokeo. Ukichanganya yale majibu matatu unapata vitendo vya msingi nane. Kwa Kiswahili mimi nawaita madansa wangu hivi: sukuma, piga, kamua, fyeka, teleza, donoa, elea, kung'uta.

Sukuma ni nguvu, ya kuvutwa, moja kwa moja. Kamua ni nguvu, ya kuvutwa, lakini inapinda njiani. Donoa ni nyepesi, ghafla, moja kwa moja, kama kidole kinachobonyeza kitufe. Kung'uta ni nyepesi na ghafla ila haina mwelekeo, kama unatoa maji kwenye vidole. Hayo mengine utayapanga mwenyewe, zoezi zuri la jioni.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukimwambia dansa "unga uzi" ataigiza. Ukimwambia "donoa, kamua, kung'uta, kwa nusu sekunde" hana cha kuigiza, ana kazi ya kufanya na mwili wake.

Jambo la pili ni kuchora njia ya mkono. Frank na Lillian Gilbreth, wale Wamarekani waliokuwa wanachunguza miendo ya wafanyakazi, walifunga taa ndogo kwenye mikono ya mtu, wakafungua kamera muda mrefu gizani, picha ikatoka na mstari wa mwanga unaoonyesha mkono ulikopita. Wao walitaka kupunguza miendo, kwenye ujenzi wa matofali walishusha kutoka 18 mpaka 5 hivi. Sisi tunataka ule mstari. Zima taa za chumba, funga taa ndogo kwenye kifundo cha mkono, weka simu kwenye hali ya kuacha kamera wazi muda mrefu (long exposure) na mwache dansa afanye mzunguko mmoja. Kisha ichore ile picha sakafuni kwa gundi ya karatasi, kubwa, chumba kizima.

Hapo umepata njia ya kutembea. Kile mkono ulifanya kwa sentimita 30, mwili mzima unakifanya kwa mita 8. Mtazamaji hatajua inatoka wapi, ila ataona kuna mantiki.

Onyo: kamusi isizidi kurasa 12. Ukizidisha unakuwa unakusanya, hutungi tena.

## Hatua ya 5: Ondoa kifaa, hamisha mwendo

Hii ndo hatua yenyewe. Ukibanwa na muda, iba siku kutoka hatua nyingine uziweke hapa, wiki tatu nzima sio nyingi.

Chukua kitendo kimoja kutoka kwenye kamusi, upitie ngazi hizi kwa mfuatano:

1. Fanya na kifaa halisi mkononi, mara 50. Ndiyo, 50. Kuanzia kama mara ya 30 mwili unaacha kujionyesha na kuanza kutafuta njia ya kuokoa nguvu, na hiyo njia ndo unayoitaka.
2. Weka kifaa chini, fanya palepale ukiwa bado na kumbukumbu ya uzito wake. Usishike hewa kama umeshika kitu! Fungua vidole. Ukiufungua mkono nyundo inakufa, inabaki nguvu iliyoibeba.
3. Hamisha mwendo kwenye kiungo kingine. Kile kiganja kilikuwa kinafanya sasa kifanye bega, kisha nyonga, kisha goti, kisha kisogo.
4. Fanya ukiwa sakafuni. Vaa kinga za magoti.
5. Fanya kwa robo ya kasi, halafu mara mbili ya kasi.
6. Fanya na mtu mwingine badala ya kifaa. Huyo mwenzako ndo uzi, ndo toroli, ndo gunia.

Ngazi ya 6 huwa inaleta vitu ambavyo hukuvipanga. Mwendo wa kubeba gunia ukifanywa kwa mtu unakuwa kumbeba mtu aliyezimia, au mtoto aliyelala, au mlevi rafiki yako, inategemea shingo ya anayebebwa imekaaje. Hapo historia inaingia yenyewe, hujaandika neno kwenye skrini.

Mwanzo nilikuwa naruka ngazi ya kwanza kwa sababu inachosha na madansa wananuna. Matokeo yake miendo ilikuwa inatoka mizuri, laini, na haina uzito wowote, kama watu wanacheza chini ya maji. Siku hizi wakinuna nawaachia wanune, mimi pia nafanya zile 50 pamoja nao.

Sasa mwite yule mtu wa nje. Mwonyeshe dakika mbili bila muziki, bila maelezo, umuulize ameona nini.

- Akisema "wanapiga nyundo": bado mnaigiza, rudini ngazi ya 2.
- Akisema "dansi nzuri": mmeenda mbali mno, kazi imepotea, rudini ngazi ya 1.
- Akisema kitu kama "sijui, kama kuna kitu kizito hakiishi" au "wanamsubiri nani?": hapo imekaa sawa, rekodi siku hiyohiyo kabla mwili haujasahau.

## Hatua ya 6: Panga shoo kama shifti, kalenda iweke pembeni

Msianze na kuzaliwa kwa mji mkaishia na leo. Mpangilio wa kalenda unamfanya mtazamaji asubiri mwisho anaoujua tayari. Shifti ina umbo lake: kuingia, kuanza kupata moto, kazi yenyewe, mapumziko, kazi ya pili ambayo ni nzito kuliko ya kwanza hata kama ni ileile, king'ora, kutoka. Dakika 35 mpaka 40 zinatosha.

Ndani ya hilo umbo tumia mbinu chache tu. Wote pamoja ni mashine. Mmoja anaanza, wa pili anafuata baada ya hesabu mbili, wa tatu hivyohivyo, hiyo ni laini ya kiwanda, inasomeka mara moja. Kuongeza kitendo kimoja kila mzunguko na kurudia vyote tangu mwanzo ni mazoea yanavyojengeka mwilini, Trisha Brown, mtunzi wa dansi wa Marekani, alitengeneza dansi nzima kwa njia hiyo mwaka 1971 na haijazeeka.

Na mbinu ninayoipenda kuliko zote ni tundu. Laini ya watu saba inakwenda, mmoja anatoka kimyakimya, na wengine hawazibi nafasi yake. Wanaendelea kupokea kutoka kwake na kumpa, wakati hayupo. Fanya hivyo mara tatu ndani ya shoo, watu watatu tofauti, usieleze. Mtu ambaye baba yake alipunguzwa kazi hahitaji kusomewa takwimu.

Picha moja kubwa mwanzoni inatosha pia. Pina Bausch, mtunzi wa dansi aliyekaa Wuppertal, Ujerumani, tangu 1973, mji wa viwanda vya nguo wenye treni inayoning'inia juu ya mto tangu 1901, alipotengeneza shoo kuhusu Palermo, mji wa Italia, mwaka 1989 alianza na ukuta mzima unaanguka jukwaani. Baada ya hapo madansa wanacheza shoo nzima juu ya vifusi. Hakuwasomea watazamaji historia ya Palermo, aliiharibu sakafu tu.

Onyo: wewe usiangushe ukuta. Tafuta kitu kimoja kinachoifanya sakafu iwe ngumu kuchezea: uzi uliotandazwa, vumbi la chaki, magunia matupu. Kijaribu kwenye mazoezi siku zisizopungua tano, maana kuna vitu vinateleza.

## Hatua ya 7: Sauti

Usiweke sauti ya mashine dakika zote 40. Sikio linazoea ndani ya dakika tatu na baada ya hapo ni kama feni ya dari. Iweke, ikate ghafla, waache madansa waendelee kwa mdundo uleule kwenye ukimya, pumzi na miguu tu. Kelele inasikika zaidi pale inapokatika.

Rekodi zako za hatua ya 2 zina hazina, ila usitumie maneno. Tumia kuvuta pumzi kabla ya jibu, kiti kinavyolia, kidole kinagonga meza.

Sauti ikizidi desibeli 85 usiwakalishe madansa ndani yake mazoezi ya siku nzima. Wataalamu wa usalama kazini Marekani wanaiweka hiyo kuwa kikomo kwa kazi ya masaa 8, na kila ikipanda desibeli 3 muda unagawanywa nusu, yaani 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kuna programu za simu za kupima, sio sahihi sana ila zinakupa picha.

## Hatua ya 8: Mahali, mavazi, taa

Kila mtu anataka kuchezea kwenye kiwanda kilichokufa. Naelewa. Kabla hujamwingiza dansa hata mmoja pata ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo, na mpeleke mtu anayejua majengo akague. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na asbesto kwenye paa na kwenye mabomba, na vumbi lake ukilivuta ugonjwa unakuja miaka mingi baadaye, kwa hiyo kama hana uhakika jibu ni hapana. Baada ya hapo ndo uangalie misumari, mashimo ya kwenye sakafu, mafuta, nyaya. Tembea kila mita na tochi, weka gundi ya rangi kali kila penye shida.

Sakafu huko ni saruji, na nimeshasema. Ama ukodi sakafu ya kupanga, ama miruko itoke.

Mavazi: ovaroli hapana. Chukua kitu kimoja tu kutoka kwenye kazi, uzito wa kiatu, au jinsi nywele zilivyofungwa zisiingie kwenye mashine, basi. Fanyeni mazoezi na viatu vyenyewe kuanzia wiki ya nne, kiatu kizito kinabadilisha hesabu zote na usiku wa shoo sio wakati wa kugundua.

Taa ziwe za pembeni, kwa urefu wa kifundo cha mguu, kiuno na kichwa. Taa ya mbele inaubapa mwili kama picha ya kitambulisho, ya pembeni inaonyesha mgongo, mbavu, msuli unavyoshika. Na mikono! Shoo hii ni ya mikono, hakikisha inaonekana mpaka safu ya nyuma.

## Hatua ya 9: Waonyeshe wenyewe kwanza

Siku 10 kabla ya shoo, waite wale uliowahoji waje kwenye mazoezi, na uwalipie usafiri. Siku 10 ndo muda unaokuruhusu kubadilisha kitu na bado kisikae kama kiraka.

Usiwaulize "mmependa?" watasema ndiyo, ni watu wenye adabu. Waulize "wapi tumedanganya?" na unyamaze. Yule mama wa uzi alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akasema mmekosea kitu kimoja tu, hakuna aliyekuwa anaangalia mikono yake, ukiangalia mikono uzi wa pili unakatika, macho yanakuwa mbele. Madansa wangu wote walikuwa wanatazama vidole vyao. Tukainua macho, hatukubadilisha kingine, na shoo ikawa inatisha kidogo, mikono inafanya kazi na nyuso ziko kwingine kabisa.

Kwenye karatasi ya shoo andika sentensi yako ya hatua ya 1, majina ya madansa, na majina ya waliohojiwa kama wamekubali kutajwa. Na lile jina la kazi lililo juu ya ukurasa wa kamusi liandike vilevile wanavyolitamka wao. Historia ya mji waachie watakaoitafuta.

Ukimaliza, kila aliyehojiwa apate nakala ya video yake, ya shoo na ya mahojiano, maana familia nyingi hazina picha ya mzazi wao akiwa kazini. Na ile gundi ya sakafuni itoeni usiku uleule, ikilala siku mbili tatu inang'ang'ania na mwenye ukumbi hatawapa tena.